Nilikuwa msusi Mwanza, sasa niko Houston: nianze na leseni au nianze kusuka?

Swali:

Shikamoo dada. Mimi na mume wangu na watoto wawili tumeingia Houston mwaka huu kwa grinikadi ya bahati nasibu. Mwanza nilikuwa na saluni yangu ndogo pale Kirumba, nina cheti cha ufundi cha VETA, nasuka rasta za kila aina, naweka dawa na kushonea nywele. Kuna dada wa hapa ameniambia siruhusiwi kugusa kichwa cha mtu mpaka nisome saa 1,500 chuoni na kulipa maelfu ya dola. Mwingine anasema nisukie nyumbani, nipokee taslimu, nikae kimya. Wa tatu ana saluni yake, anataka nikae kwake tugawane nusu kwa nusu. Nishike lipi?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa safari. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa kusuka tu, hapa Texas huhitaji leseni, wala saa hata moja ya chuo. Hizi si habari za magrupu ya WhatsApp, zimo kwenye sheria ya jimbo tangu 2015. Dada aliyekutajia saa 1,500 sidhani kama alitaka kukupotosha. Amechanganya kazi ambazo nyumbani zote tunaziita saluni, na huku serikali imezigawa mafungu mawili. Biashara yako yote itategemea uko fungu lipi.

Fungu la kwanza ni ususi. Sheria imeutoa kwenye kazi zinazohitaji leseni na ikaeleza mpaka wake: kusuka nywele za mtu, kuongeza nywele za dukani kwa kuzisukia ndani, na kupunguza hizo nywele za kuongeza kadiri msuko unavyotaka. Sharti ni moja, pasiwe na kemikali wala gundi. Kwa hiyo rasta zenye fundo na zisizo na fundo, mabutu, yeboyebo, twende kilioni, mistari ya kulalia, vyote hivyo vyako. Hakuna wa kukudai cheti.

Fungu la pili ni dawa, rangi, kukata nywele za mteja mwenyewe, na kubandika nywele kwa gundi. Hapo leseni ni lazima. Na hapa uniskilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi wetu wanaponaswa: kushonea nywele, yaani kusuka mistari halafu kushona nywele za bandia juu yake, hakumo kwenye ususi huru. Texas ina leseni yake ya fundi wa kushonea nywele, inasimamiwa na idara ya leseni ya jimbo, TDLR. Mteja uliyemsuka vizuri Jumamosi atakuomba wiki inayofuata umwekee dawa kidogo tu kwenye nywele za mbele, au umgundishe wigi ya harusi. Atakwambia ni dakika ishirini tu, na pesa ataongeza. Mjibu hufanyi, mpeleke kwa mwenye leseni. Ukimpata fundi mmoja mwenye leseni unayemwamini, mkawa mnapelekeana wateja, hupotezi kitu.

Uhuru huu ulipiganiwa. Dallas kuna msusi anaitwa Isis Brantley. Mwaka 1997 alikamatwa ndani ya duka lake akisuka, kwa kosa la kutokuwa na leseni. Baada ya miaka kumi ya kusumbuana na jimbo, mwaka 2007 Texas ikaanzisha cheti cha ususi cha saa 35 tu. Lakini alipotaka kuwafundisha wengine, akaambiwa shule yake iwe na ukubwa na vifaa vya chuo cha vinyozi: futi za mraba 2,000, viti kumi vya kulaza mteja, na masinki ya kuoshea. Msusi anahitaji sinki la kunyolea la nini? Alifungua kesi mwaka 2013, na Januari 2015 jaji wa mahakama ya shirikisho, Sam Sparks, akasema masharti hayo yanakwenda kinyume na Katiba. Mwaka huo huo bunge la jimbo likafuta leseni ya ususi moja kwa moja, na gavana akasaini mwezi Juni. Nakueleza haya ili mtu akija kukutisha ujue umesimama juu ya nini.

Ila uhuru huu ni wa Texas, haukufuati ukihama. New York bado wana leseni ya nywele za asili ya saa 300. Kentucky na Iowa waliwaachia wasusi mwaka 2016, Minnesota mwaka 2019, kwa hiyo ndugu zetu Wakongo wa Lexington, Louisville na Des Moines nao wanasuka bila leseni. Mume akipata kazi jimbo jingine, angalia sheria ya huko kabla hujafunga mizigo.

Hata hivyo leseni nayo usiifute kichwani. Kwanza saa zenyewe si 1,500 tena. Leseni kamili ya urembo wa nywele Texas sasa ni saa 1,000, na baada ya hapo unafanya mitihani. Ukisoma saa 25 kwa wiki, hizo ni wiki 40. Ni muda mrefu kwa mama wa watoto wawili, lakini si mlima. Tatizo ni pale mtu aliyefika juzi anaposainishwa mkopo wa chuo binafsi kabla hajamjua hata mteja mmoja. Maoni yangu ni kwamba mwaka huu usuke, uujue mji, upate wateja. Ukiona wanaokuomba dawa na rangi ni wengi kiasi cha kukulipa, hapo ndipo uende chuo.

Ukienda, anza kuuliza vyuo vya umma vya jamii kabla ya vile vyenye matangazo makubwa. Uliza swali hili: je, mnapokea msaada wa serikali ya shirikisho? Mwenye grinikadi anaruhusiwa kuomba kama raia, kwa fomu ya FAFSA ambayo kuijaza ni bure. Kinachoitwa Pell Grant hakirudishwi. Kinachoitwa loan kinarudishwa na riba. Karatasi za vyuo huviweka vyote viwili kwenye jedwali moja chini ya neno "msaada", na watu husaini wakidhani wamepewa vyote. Soma mstari kwa mstari, na usisaini siku hiyo hiyo.

Kuhusu dawa, nakwambia na jambo jingine kama mtu wa kazi. Oktoba 2022 taasisi ya taifa ya afya ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa wanawake zaidi ya 33,000 waliofuatiliwa karibu miaka 11. Wale waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi wafikapo miaka 70. Ambao hawakuwahi kuzitumia, asilimia 1.64. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, lakini wateja waliusikia, na kesi nyingi zimefunguliwa dhidi ya watengenezaji. Kati ya kinamama weusi wa hapa wapo wengi walioacha dawa, na wanaoacha dawa wanasuka. Halafu tangu 1 Septemba 2023 Texas ina sheria inayoitwa CROWN Act, inayomkataza mwajiri au shule kumbagua mtu kwa sababu ya rasta, twisti au dredi. Muuguzi na mwanasheria sasa wanaingia kazini na rasta bila hofu. Soko lako ni hilo, na umelikuta limeiva.

Sasa yule anayekwambia upokee taslimu na kukaa kimya. Ushauri huo nakuomba uukatae kabisa, na sababu yangu si woga wa serikali. Mtu mwenye grinikadi anayefanya kazi bila kuandikwa popote anajidhulumu mwenyewe.

Tazama mwenyewe. Baada ya miaka mitano utaomba uraia, na fomu itakuuliza maswali ya kodi. Ukishakuwa raia utataka mama yako aje. Kumdhamini mtu kunahitaji ritani yako ya kodi ionyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa idadi ya watu wa nyumba yako. Ukiwa umesuka miaka mitano kwa siri, karatasi zitasema hukuwa na kazi. Utaanza kuhangaika kutafuta mtu wa kukusainia, na wewe pesa ulikuwa nazo. Benki nayo haikukopeshi ya nyumba kwa kusikia maneno yako. Na pensheni: mtu hupata haki ya pensheni ya Social Security akikusanya alama 40, na kwa mwaka mmoja hazizidi nne. Mwaka 2025 alama moja ilitaka mapato ya dola 1,810, kwa hiyo dola 7,240 zilizotangazwa zinakupa alama zako zote nne za mwaka. Msusi anazifikia hizo bila shida. Taslimu za kimya hazimpi hata moja.

Kodi yenyewe si ya kutisha ukiijua mapema. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Ya shirikisho ipo, na kwa aliyejiajiri kuna ya kujiajiri ya asilimia 15.3, inayohesabiwa kwenye asilimia 92.35 ya faida. Faida, si mauzo. Tuseme mwaka umeisha, umetoa gharama zote za nywele, kiti, bima na tangazo, ukabaki na dola 20,000. Kodi ya kujiajiri ni kama dola 2,826. Juu yake inakuja kodi ya mapato ya kawaida, ambayo kwa familia ya watoto wawili yenye kipato kidogo hupunguzwa sana na nafuu za watoto. Wanaoumia ni wale wanaokula kila dola halafu Aprili inawakuta mikono mitupu. Kila mteja akikulipa, weka pembeni moja ya tano kwenye akaunti nyingine, usiiguse. Ukiona utadaiwa dola 1,000 au zaidi kwa mwaka, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya shirikisho, wanataka ulipe kwa awamu: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari.

Nunua daftari. Kila mteja andika tarehe, msuko, alicholipa, nywele ulizonunua. Ukiendesha gari kumfuata mteja andika na maili, kwa sababu maili za kazi zinapunguza kodi. Mwaka 2025 ilikuwa senti 70 kwa maili moja. Maili za kutoka nyumbani kwenda saluni ile ile kila siku hazihesabiwi, ila zile za kuzunguka kwa wateja ukiwa makao yako ya kazi ni nyumbani zinahesabiwa. Risiti za duka la nywele hufutika wino kwenye pochi, zipige picha siku ile ile. Na msimu wa kodi ukifika, kabla ya kumlipa mtu, tafuta kituo cha VITA. Ni watu waliofundishwa kupitia IRS, wanawajazia bure wenye kipato cha chini na biashara ndogo zisizo na mambo mengi.

Tuje kwa mwenye saluni anayetaka nusu kwa nusu. Fanya hesabu mbele yake kwa heshima. Tuseme rasta zisizo na fundo, unene wa kati, urefu wa kiunoni, unatoza dola 200, nywele zimo ndani. Nywele zimekugharimu dola 35. Umesimama saa sita. Akichukua nusu ya 200, unabaki na 100. Toa 35, zinabaki 65. Gawa kwa sita: haifiki dola 11 kwa saa, na kodi bado haijatoka. Akikubali nywele zitolewe kwanza ndipo mgawane, unapata 82 na nusu. Neno hilo moja, nywele zitoke kabla au baada, ni tofauti ya dola 17 na nusu kwa kila kichwa, na ndilo watu husahau kuuliza.

Linganisha na kukodi kiti. Tuseme kiti ni dola 150 kwa wiki. Ukisuka vichwa sita umeingiza 1,200, toa nywele 210, toa kiti 150, unabaki na 840 kwa saa 36. Hiyo ni zaidi ya dola 23 kwa saa. Lakini ukisuka kichwa kimoja tu wiki hiyo, umebaki na dola 15 na mgongo unauma. Kwa bei hizi, ukifikisha vichwa viwili kwa wiki kiti cha kukodi tayari ni nafuu kuliko nusu kwa nusu. Kwa hiyo kwa miezi miwili mitatu ya mwanzo, ambapo wateja ni wake, asilimia inakulinda. Wakianza kukuulizia wewe kwa jina, omba mgeuze. Liweke hilo kwenye maandishi tangu siku ya kwanza: asilimia ngapi, kwa muda gani, na baada ya hapo kiti ni bei gani.

Muulize pia wateja ni wa nani. Namba zao zikikaa kwenye simu ya saluni peke yake, siku ukiondoka unaanza upya. Na angalia jambo moja zaidi. Kama yeye ndiye anayekupangia saa za kuingia na kutoka, anapanga bei, anakupa mteja na kukukatalia kusuka kwingine, kisheria unaweza kuwa mfanyakazi wake hata kama mmeandikiana kwamba umejiajiri. Mfanyakazi hulipa asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, ile bima ya afya ya wazee, na mwajiri hulipa nyingine kama hiyo. Uliyejiajiri unabeba zote. Mwenye saluni anayekuamrisha kama mwajiriwa na kukulipa kama mpangaji wa kiti anakubebesha mzigo wake.

Kusukia nyumbani nako si kosa. Houston inajulikana kwa kutokuwa na sheria za kugawa maeneo ya makazi na ya biashara kama miji mingine ya Marekani, kwa hiyo jiji si shida yako kubwa. Shida ni mkataba wako wa pango. Mikataba mingi ya apatimenti inakataza biashara yenye kuingiza wateja, na zipo nyumba zenye masharti ya mtaa yaliyoandikwa kwenye hati. Soma, na kama limekatazwa omba ruhusa ya maandishi. La sivyo wafuate wateja makwao. Vyovyote vile kata bima ya kazi. Kuchovya ncha kwenye maji ya moto kila msusi anakujua, na mtoto akigeuka ghafla maji yakammwagikia, ndugu yangu, hapa si Kirumba ambako mngekaa na mama yake mkayamaliza.

Jina la biashara usilipambe kupita kiasi. Ukitumia jina lako mwenyewe huandikishi chochote. Ukitaka jina la duka, unaandikisha jina hilo kwa karani wa kaunti, ambayo kwako ni Harris kama unakaa upande huo, na ada yake ni ndogo. Kampuni ya LLC, ile inayotenga mali yako na madeni ya biashara, kuifungua kwa Katibu wa Jimbo ni dola 300, na kila mwaka inadai taarifa. Kwa msusi wa kiti kimoja mwenye bima sioni haraka. Namba ya EIN ya kodi inatolewa bure kwenye tovuti ya IRS yenyewe, na yeyote anayekutoza anakuuzia hewa. Ukishaandikisha jina zitakuja barua zenye nembo kama za serikali zikikutaka ulipie vyeti na mabango. Soma yale maandishi madogo ya chini, mara nyingi yanakiri kwamba ni kampuni binafsi. Huduma ya nywele haina kodi ya mauzo Texas, ila ukianza kuuza mafuta au pakiti za nywele pembeni, chukua kibali cha kodi ya mauzo kwa Mkaguzi wa Fedha wa jimbo (Comptroller). Ni bure, na kodi yenyewe pamoja na ya jiji haizidi asilimia 8.25.

Sasa kazi yenyewe, maana hapo ndipo nina moyo wa kusema zaidi. Mkono wako wa Mwanza utakusaidia, lakini kuna vitu vitabadilika. Mteja wa huku anakuja na picha kwenye simu na anataka ile picha. Anajua majina, na wewe yajue: knotless, feed-in, stitch, boho. Knotless ndiyo rasta isiyo na fundo, unaanza na nywele zake mwenyewe, unasuka mara tatu nne, ndipo unaongeza nywele ya bandia nyembamba, baada ya hatua mbili nyingine, na nyingine, mpaka unene ukae. Ukiongeza mapema mno umerudisha fundo, ukichelewa rasta inakuwa na shingo nyembamba na itakatika hapo hapo. Jizoeze kwa binti wa jirani mpaka mstari wa mbele ukae sawa, kwa kuwa picha atakayoipiga itaanzia pale.

Na mstari wa mbele huo usiuvute. Nyumbani tumezoea mteja akisema "nikaze" ndiyo msuko mzuri, zinakaa muda. Nywele zinazovutwa kila mara hung'oka na mizizi, na ikiendelea miaka hazirudi. Madaktari wa ngozi wanalijua tatizo hilo na wateja wa huku wamelisoma. Mteja akinyanyua nyusi na ngozi ya paji ikavutika, au ukiona vipele vyeupe kwenye mizizi, umekaza kupita kiasi, fungua urudie. Dada asiyeumia kichwa usiku ule anarudi kwako. Msusi anayevuta anapendwa siku moja tu.

Nywele za bandia za pakiti huwasha vichwa vya wengi. Ziloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye siki nyeupe mpaka utaona ule ukungu mweupe unatoka, zisuuze, zianike. Fanya usiku wa kuamkia kazi. Kuna mteja ambaye amewashwa na kila msusi mjini akidhani ni ngozi yake, na wewe ukamwondolea tatizo kwa siki ya dola chache. Huyo atakuletea ukoo mzima.

Mwambie mteja aje ameosha na kunyoosha kwa draya. Inakuokolea saa nzima, na inakuweka mbali na kazi za fungu la pili. Chukua advansi kabla ya kumwekea nafasi, inayokatwa kwenye bei, na umwambie mapema kwamba asipotokea hairudi. Huku si unyanyasaji, kila mtu amezoea. Bei iandike wazi: nywele zimo au hazimo, urefu unaongeza kiasi gani, unene vilevile. Ubishi wa mwisho wa siku karibu wote unatokana na kimojawapo kati ya hivyo vitatu.

Bei yako usiishushe ili uwapate Watanzania wenzetu peke yao. Wasusi wa Senegali, Mali na Ivory Coast walitangulia kuifanya kazi hii Marekani miaka mingi kabla yetu, na wanaojua kazi hawashindani kwa urahisi wa bei, wanashindana kwa kasi na usafi. Wasabahi, waulize, wengi ni wakarimu. Nunua dawa ya kuulia vijidudu ya saluni, chana zilowekwe mbele ya macho ya mteja. Kwenye ususi mteja ndiye mkaguzi wako. Nunua na kiti cha kupanda na kushuka, maana wewe ndiye unayesimama, na viganja na mgongo wako ndivyo mtaji. Pumzika kila baada ya saa moja hata kama mteja ana haraka.

Mwisho, cheti chako cha VETA. Usikitupe sandukuni. Mwombe mtu wa Mwanza aende chuoni akuombee nakala ya matokeo inayoonyesha masomo na saa ulizosoma kwa kila moja, yenye muhuri, kwa Kiingereza. Saa ndizo zitakazotazamwa, cheti peke yake hakizionyeshi. Ikifika, waandikie TDLR kwa barua pepe, siyo kwa simu, uwaulize kama kuna sehemu wanaikubali kwa leseni ya kushonea nywele na kwa leseni kamili, na utunze majibu yao. Fanya hivyo sasa hivi ungali unasuka, kwa sababu karatasi za nyumbani zinachukua muda, na chuo chochote cha hapa kitakachokutaka ulipie saa zote 1,000 utakionyesha kwanza barua hiyo.